Hisa ya shamba: kikapu cha kila wiki kinamlipa nani?

Sifa zinazotangazwa za hisa ya shamba, yaani kumlipa mkulima mapema ukapokea kikapu cha mboga kila wiki ya msimu, mara nyingi ni za kweli: mboga za siku hiyohiyo, mkulima unayeweza kumuuliza, hakuna dalali katikati. Kinachosemwa kwa sauti ndogo ni kwamba mwenye hisa hanunui mboga, ananunua sehemu ya msimu. Unalipa mapema, mbegu ikiwa bado haijaota, na fedha hiyo ndiyo inayomnunulia mkulima mbegu, mbolea na mafuta ya trekta. Mvua ya mawe ikizipiga nyanya, mwaka huo huli nyanya na hurudishiwi kitu. Msimu ukikubali, utabebeshwa zukini mpaka majirani wakukimbie. Japani walianza mpango wa namna hii miaka ya 1970, ukaanza Marekani mwaka 1986 na Ufaransa 2001, na kote msingi haukubadilika: hasara na neema ni za wote.

Hisa kamili kwa kawaida hupangiwa watu wanne, nusu hisa wawili. Hesabu hiyo inapotosha. Usihesabu vichwa, hesabu mara mnazowasha jiko. Wawili wanaopika mara tano kwa wiki watamaliza nusu hisa bila shida; wanne wanaokula nje mchana na kuagiza chakula usiku watatupa nusu ya hisa kamili. Mwenye shaka aanze na nusu.

Kabla ya kulipa, omba orodha ya vilivyotoka msimu uliopita, wiki kwa wiki. Picha za matangazo hupigwa msimu umekolea, nyanya, hoho na matango vyote vimetoka kwa pamoja. Wiki za mwanzo huwa ni majani matupu: spinachi, saladi, figili, vitunguu vya majani. Asiyekula majani atajuta mapema. Uliza pia kama shamba linalima vyote au linanunua kwingine ili kujaza kikapu (si dhambi, mradi waseme), na ukisafiri inakuwaje. Kuna mashamba yanayokubali kuhamisha wiki ukitoa taarifa mapema. Kwingine kikapu kisichochukuliwa kinagawiwa wengine, na haki yako imeishia hapo.

Swali linalosahaulika ndilo kubwa: mboga zinavunwa saa ngapi na zinapozwaje? Saladi iliyokatwa jua la mchana ikapangwa kwenye kreti bila kupozwa inaendelea kupumua kwa kasi na kujipasha moto yenyewe. Machoni ni nzima, kesho yake imelegea. Shamba linalojua kazi huvuna alfajiri, hutumbukiza majani kwenye maji baridi, huyachuja, kisha huyaweka kivulini. Kupima ni rahisi: ukipokea kikapu, penyeza mkono katikati ya fungu la majani. Pakiwa baridi, una siku kadhaa. Pakiwa na fukuto, pika leo, na mwambie mkulima. Fukuto likirudi wiki baada ya wiki, hilo si shamba la kuongezea msimu wa pili.

Thamani ya kikapu huamuliwa na saa ya kwanza nyumbani. Karoti, bitiruti na figili zikatwe majani papo hapo, ukiacha kipande cha shina cha sentimita mbili. Majani yakibaki huendelea kuvuta maji ya mzizi, ndiyo maana karoti huanza kupinda kama mpira. Usiyatupe, ya bitiruti na figili hupikwa kama mboga nyingine za majani. Spinachi na saladi zioshwe kwenye beseni la maji mengi, mara mbili, na majani yanyanyuliwe kutoka majini. Ukimwaga beseni zima kwenye chujio, mchanga uliotulia chini unarudi juu ya mboga. Kisha zikauke kabisa, zifungwe kwa kitambaa kikavu ndani ya mfuko uliolegea. Utelezi mweusi unaoonekana baada ya siku tatu ni kazi ya maji yaliyobaki.

Si kila kitu ni cha friji. Nyanya ikikaa kwenye baridi chini ya nyuzi 10 hupoteza ladha, na mrehani huwa mweusi. Nyanya zikae mezani, mrehani kwenye glasi ya maji. Viazi vikae gizani penye hewa, maana mwanga huvifanya kijani na vichungu, na vitunguu viwekwe mbali navyo. Ndizi na tufaha zilizoiva zisilale karibu na majani: gesi ya etilini zinayotoa huyafanya yawe manjano haraka.

Ziada ifanyiwe kazi siku hiyohiyo, isisubiri inyauke. Spinachi ichemke dakika mbili, maharage machanga tatu, kisha viingie kwenye maji ya barafu, vikamuliwe au vikaushwe, vigandishwe kwa vifungu vya mlo mmoja. Wanaoruka hatua ya kuchemsha hupata mboga iliyofifia rangi na yenye ladha ya nyasi, kwa kuwa vimeng'enya (vichocheo vilivyomo ndani ya mboga yenyewe) havifi kwenye friza.

Kuhusu bei, mali bila daftari huisha bila habari. Gawa ada kwa idadi ya vikapu, kisha pima vikapu vinne mfululizo kwa mizani ya jikoni na uandike bei ya sokoni ya kila mboga wiki hiyo. Ulichotupa kiondoe kwenye hesabu. Utaona majani laini na viungo vibichi ndivyo vinavyokupa faida; viazi, vitunguu na kabichi mara nyingi ni nafuu sokoni, kwani hazina haraka ya kuuzwa.

Kinachowaondoa wanahisa wengi, hata hivyo, si bei bali kituo cha kuchukulia kikapu. Kuchukua kikapu ni siku moja kwa wiki, kwa muda wa saa mbili au tatu tu, na kreti hurudishwa, kwa hiyo uje na mifuko yako. Kituo kilicho njiani kutoka kazini chenye shamba la kawaida kinashinda shamba bora la upande wa pili wa mji. Kugawana hisa kamili na jirani kunasaidia, mkipeana zamu na kugawa palepale, si kesho.

Na asiyeweza kula anachopangiwa aulize kama shamba lina hisa ya salio: unalipa mbele vilevile, ila unajichagulia mezani kwao na kiasi kinakatwa kila unapochukua. Uhuru ni mkubwa, lakini anayefika saa ya mwisho hukuta kabichi.