Mitende ya mapambo ya kitalu kimoja cha Lubumbashi: miche mizuri, maelezo haba

Mwezi wa Juni mwaka jana nilinunua mitende minne ya kifalme katika kitalu kimoja hapa Lubumbashi, kila mmoja kwa dola 60, ili ipandwe kwenye njia itokayo langoni kwa baba mkwe hadi barazani. Mzee aliitaka kwa ajili ya heshima, kwani mtaani Golf, na hata Bel-Air, nyumba yenye mitende langoni hujulikana mara moja kuwa ni ya mtu mwenye uwezo.

Miche yenyewe ilikuwa na afya: mashina yalijaa, majani hayakuwa na madoa, na wafanyakazi waliileta siku ile ile tuliyoagana. Kosa lao ni yale waliyoyanyamazia. Hakuna aliyetueleza kwamba mti huu, ambao asili yake ni Kuba na nchi nyingine za ukanda ule, unahitaji maji mengi, ilhali kwetu mvua hukatika Aprili na kurudi karibu na Novemba. Kila mti ulikunywa ndoo mbili kwa jioni moja, na bomba lilipokauka tulinunua maji ya vidumu kwa vijana wa mikokoteni, hadi gharama hiyo ikaipita bei ya miti yote minne.

Tena mafundi wao walifukia mashina kwa kina kuliko yalivyokuwa kitaluni. Mwezi wa Agosti nilivuta kidogo tu jani changa la katikati, lile linalosimama kama mkuki kabla halijafunguka, nalo likachomoka lote, kitako chake kikiwa cheusi, chenye utelezi na uvundo. Mtende wa aina hii una kilele kimoja. Kikioza, haufanyi kama mwembe ambao huchipua pembeni. Miwili ilikufa hivyo.

Mwenye kitalu alitufidia mmoja bila ubishi, jambo ninalomshukuru kwa dhati, lakini wa pili alikataa, na hapo naona hakututendea haki. Atakayekwenda kununua pale asubiri mvua zishike, asimamie upandaji mwenyewe, na asiiweke mahali pa kuegesha gari, maana makuti ya mtende wa kifalme uliokomaa ni mazito na huanguka yenyewe.

Mitatu iliyobaki inaendelea vizuri. Katika shimo la nne mama mkwe ameomba tupande mwembe, apate kivuli cha kukalia.