Kasha la USB 3.0 la diski ngumu: zuri, ila waya wake utupe

Makasha haya ya inchi 2.5, yanayouzwa kwenye maduka ya kompyuta Mtaa wa Oginga Odinga, Kisumu, yanafaa sana kwa diski iliyotolewa kwenye laptopu. Ubovu uko kwenye waya unaokuja nayo: mwembamba, na plagi yake inalegea. Diski ikianza kuzunguka inakosa umeme, inalia tik tik, halafu Windows inasema imeshindwa kumaliza kufomati. Wengi huitupa diski nzima bure! Nunua waya mfupi na mnene, uuchomeke kwenye tundu la USB 3.0, ambalo hutoa miliampea 900 badala ya 500 za USB 2.0.

Ikigoma bado, fungua diskpart, programu ya Windows ya kupanga diski kwa amri za kuandika, kama msimamizi. Andika list disk, kisha select disk na namba yake. Tafadhali kagua ukubwa wa diski mara mbili, maana amri inayofuata, clean, hufuta mgawanyo wote bila kuuliza. Fuata na create partition primary, format fs=ntfs quick, halafu assign.

CrystalDiskInfo, programu ya kukagua afya ya diski, ikionyesha hesabu ya C5 (sehemu za diski zinazoshindwa kusomeka) inapanda, diski inaoza. Nakili data uachane nayo. Diski za inchi 3.5 zinataka volti 12, kasha hili haliziwezi.