Darasa la Kiingereza la barazani, Langoni: mia mbili kwa usiku

Nimeshakaa usiku kumi na mmoja kwenye darasa hili, kwa hiyo nasema nilichokiona. Ni baraza ya nyumba moja Langoni, hapa Lamu, baada ya isha. Shilingi 200 kwa usiku, na usipokwenda hulipi. Wengi wetu ni watu wa mashua na waongoza wageni. Mwalimu ni mzee aliyestaafu, na hana kitabu. Unakuja na swali lililokuuma mchana, yeye analifungua.

Langu lilikuwa la hasara. Jumatatu moja wageni wawili waliniambia "next Thursday" niwapeleke Takwa, kwenye magofu ya kisiwani Manda. Alhamisi ilipofika nikaosha mashua, nikanunua samaki changu wanne na barafu, nikamlipa kijana wa tanga. Maji yakajaa. Maji yakaanza kupwa, na mkono wa bahari wa Takwa ukishapwa mashua haiingii tena. Wageni hawakutokea. Jioni nikawakuta ufukoni wamekaa zao, wananipungia mkono! Kumbe wao walikusudia Alhamisi ya wiki ya pili.

Nilidhani mwalimu atanicheka. Akasema wenye lugha yao wenyewe hawajapatana juu ya neno hilo: kwa wengine "next Thursday" ni Alhamisi ya kwanza inayokuja, kwa wengine hiyo ni "this Thursday", na "next" ni ile ya baada yake. Ukibishana nao utachoka bure. Taja tarehe. Siku hizi naiandika kwenye karatasi, mgeni anaisoma mbele yangu, ndipo napokea arubuni. Jibu hilo peke yake limerudisha ada yangu yote.

Usiku mwingine nikauliza "spring tide". Mgeni alikuwa amenitajia, nami nikadhani anazungumzia majira yao ya maua, nikaitikia tu. Kumbe ni bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana! Hiyo "spring" ni ya kuruka, haina habari na majira. Maji huruka mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu, hata kwao kukiwa na barafu. Maji mafu nayo, yanayojaa na kupwa kidogo, wanayaita "neap". Miaka ishirini nayasoma maji haya, halafu nashindwa kumtajia mgeni jina lake.

Na hili msilisahau: Mmarekani akikwambia "pants" zake zimerowa, ni suruali. Mwingereza akikwambia hivyo, ni chupi, geuza uso.

Sasa lawama. Mwalimu akilipenda swali, haliachi. "Less" na "fewer", zote za kusema kitu ni pungufu, zilikula usiku mzima, na kanuni yenyewe ni ya dakika mbili: samaki unaowahesabu ni "fewer", maji ni "less". Tungeishia hapo tukalale. Lakini akatupeleka mpaka mwaka 1770, kwa Robert Baker, mwandishi wa mambo ya Kiingereza, aliyeandika tu kwamba yeye binafsi anaona "fewer" inapendeza zaidi kwa vitu vya kuhesabu. Waliokuja nyuma wakaifanya sheria, ilhali watu walikuwa wakitumia "less" kwa vyote viwili karne nyingi kabla yake. Nakiri kisa ni kitamu. Lakini kahawa ilipoa, wawili wakasinzia, na kijana mwenye swali la kuandika bei kwenye ubao wake akaondoka nalo. Mgeni gani ameshuka kwenye mashua yangu kwa sababu ya "less"?

Baraza ni ya mawe, chukua mto. Umeme ukikatika mnasoma kwa tochi za simu.

Kwa anayepokea wageni kila siku, mia mbili si kitu. Mwenye mtihani wa shule atafute kwingine, hapa hakuna mpangilio. Mimi nitarudi kusi ikishika, mashua ikiwa nchi kavu. Swali nimeshaandika: sisi "yeye" ni mmoja kwa mume na mke, na mke wa mgeni bado namwita "he" ninapohimiza. Vipi basi mashua yangu, mbao tupu, kwao iwe "she"?