Chic, albamu ya kwanza (1977): kabla hujanunua santuri, sikiliza wimbo wa mwisho

Karibuni. Leo tuna santuri ya Chic, bendi ya disko ya New York, iliyotolewa na kampuni ya Atlantic mwaka 1977. Nyimbo ni saba: tatu upande A, nne upande B. Zinazoibeba ni mbili tu, "Dance, Dance, Dance" na "Everybody Dance", na kila moja ndiyo inayofungua upande wake.

Kwa santuri hapo mwanzoni, ukingoni inapoanzia sindano, ndipo penye nafasi nzuri. Sahani inazunguka mara 33 na theluthi kwa dakika, basi ukingoni mfereji unapita chini ya sindano kwa kama sentimita 50 kila sekunde. Karibu na lebo ya katikati ni kama 21 tu, na sauti kali zinabanana. Ukikuta nakala iliyotumika, anza na "Strike Up the Band", wimbo wa mwisho wa upande B. Herufi "s" za waimbaji zikikwaruza hapo, huenda mfereji umeshachakaa, hata kama wimbo wa kwanza unang'aa. Na usipunguze uzito wa sindano, yaani inavyokandamiza sahani, ukidhani unaiokoa santuri: ikiwa nyepesi mno inarukaruka mferejini na kuuchimba.

Haya, muziki wenyewe. Sikiliza gitaa la Nile Rodgers: mkono wa kulia haupumziki, juu chini, juu chini, wa kushoto unalegea na kuziba nyuzi, ndiyo ile "chaka-chaka" unayoisikia. Chini yake besi ya Bernard Edwards haifuati gitaa, inaimba wimbo wake. Kwenye spika ya simu besi hiyo karibu haisikiki! Ukiwa na sabufa, usiifungulie yote. Weka mwanzo wa "Everybody Dance", panda polepole kutoka sifuri hadi uweze kuhesabu noti moja moja. Zikigeuka mvumo mmoja, umezidisha, rudi kidogo.

Anayeongoza kuimba ni Norma Jean Wright, na kwenye uitikiaji yumo Luther Vandross, kabla dunia haijamjua.

"São Paulo" haina maneno, inapita tu. "Falling in Love with You" unaweza kuiruka, ngoma za Tony Thompson zimepewa kazi ndogo mno.

Ukitaka albamu isiyo na wimbo wa kuruka, subiri C'est Chic ya 1978. Hii ni ya wapenda besi.