Seti ya kujitengenezea silaha za kurusha: kichwa cha shoka ndiyo, visu hapana

Kwa mwenye haraka: kichwa cha shoka kilichomo kwenye seti hii ni kizuri kuliko nilivyotarajia, mpini ni wa kubahatisha, visu ni vigumu mno kwa kazi ya kurushwa, na ubao wa shabaha wangebaki nao tu. Ukimpata muuzaji anayekubali kutoa kichwa peke yake, chukua kichwa. Asipokubali, soma kwanza kabla hujatoa hela.

Seti imelenga watu wa aina yangu, wanaopenda kurusha lakini wanapenda zaidi kutengeneza kile wanachokirusha, na nyumbani hawana tanuri wala fuawe. Ndani ya boksi kuna kichwa cha shoka ambacho hakijanolewa, mpini wa mti wa hikori uliochongwa nusunusu, vipande viwili vya visu vilivyokatwa umbo tu, ufito wa chuma wa milimita 8, kipande cha ngozi, na ubao wa plaiwudi uliochorwa duara nyekundu. Vifaa unajitegemea: jiliwa, tupa mbili, msumeno wa chuma, msasa na tochi ya gesi vinatosha. Grainda inaokoa muda, ila kwa visu ni ya kutumia kwa adabu, kwa sababu ncha ikipata moto hadi ikabadilika rangi, ugumu aliouweka mhunzi umeshaondoka hapo.

Nianze na kichwa, maana ndicho kilichonifanya niandike. Kimefuliwa kwa chuma cha kaboni cha daraja la 1055. Tarakimu mbili za mwisho zinakwambia kiasi cha kaboni, yaani karibu asilimia 0.55. Kwa shoka la kurusha hapo ndipo pazuri: linashika makali ya kutosha, na likigonga shoka lenzake kwenye shabaha halimeguki hovyo. Maandishi ya kwenye boksi mtu yeyote anaweza kuyachapisha, kwa hiyo nilipima mwenyewe kwa tupa. Karibu na makali tupa inateleza na kulia kidogo. Ukisogea kuelekea tundu la mpini inaanza kula chuma bila shida. Maana yake aliyekitengeneza alikazia makali peke yake na kuliacha tundu laini, na hivyo ndivyo inavyotakiwa. Kishindo chote cha kugonga kinapita kwenye kuta za tundu. Zikiwa ngumu kama makali, siku moja zitapasuka.

Tundu lenyewe limekaa kwa mtindo wa tomahoki, lile shoka dogo la wenyeji wa Amerika Kaskazini: pana juu na jembamba chini. Mpini unaingizwa kwa juu na kuteremka hadi ukaze, kwa sababu kichwa cha mpini ni kinene kuliko mkia. Hakuna kabari wala gundi. Kuna watu wameuliza kama ni salama, na jibu langu ni kwamba kwa kurusha ni bora kuliko shoka la kabari. Ukikosea umbali, mpini ndio unaotangulia kugonga shabaha. Shoka la kabari halina pa kukwepea, kwa hiyo mpini unavunjika chini kidogo ya kichwa. Hili la tomahoki linalegea, kichwa kinateleza chini sentimita chache, unaligonga kitako mara mbili kikarudi, unaendelea. Ila kabla ya kila mrusho likague, maana kichwa kilicholegea hakina adabu.

Kuoanisha mpini na tundu ndiyo kazi tamu kuliko zote kwenye seti hii, na karatasi ya maelekezo imeipa sentensi moja tu: "ingiza mpini". Mimi nilifanya hivi. Nilipaka masizi ndani ya tundu, nikaingiza mpini hadi ulipogoma, nikautoa. Mahali palipogusana panabaki na alama nyeusi juu ya mti mweupe. Hapo tu ndipo unapokwangua, kwa kipande cha kioo au ubapa wa kisu, halafu unarudia. Mwanzoni alama zinakuwa mbili tatu, kwenye pembe. Kadiri unavyoendelea zinasambaa, mpaka siku mpini unatoka umechafuka mzunguko mzima. Ukifika hapo kichwa hakitikisiki hata ukikipiga. Ukikimbilia msasa ukasugua kote kwa pamoja, utapata mpini unaoingia kirahisi na kutoka kirahisi, na hiyo siyo faida.

Sasa mpini wenyewe. Hikori ni mti unaosifiwa kwa mipini, na unastahili, lakini sifa ya mti haisaidii kama nyuzi zake zimekaa vibaya. Tazama kitako cha mpini: mistari inatakiwa iende sambamba na ubapa wa shoka, kutoka upande wa makali kwenda kisogoni. Halafu tazama ubavuni: mistari ifuate urefu hadi mwisho. Wa kwangu mistari ilikata mshazari na kutokea ubavuni katikati ya mpini, na hapohapo ndipo ulipochanika. Nilimwandikia muuzaji na picha nikaambatisha. Jibu likaja kwamba mti ni kitu cha asili na kila mpini una upekee wake. Sawa, lakini mimi sikununua upekee, nilinunua mpini.

Nilichonga mwingine kutoka kwenye gogo lililopasuliwa kwa kabari. Msumeno unakata palipochorwa, ila kabari inafuata nyuzi zenyewe, kwa hiyo mpini wa mti uliopasuliwa unakuwa na nyuzi nzima kutoka juu hadi chini. Niliufupisha pia. Wa seti una urefu wa sentimita 48, mimi nikaushusha hadi karibu 40, na tofauti unaiona mara moja: shoka fupi linazunguka haraka zaidi, kwa hiyo inabidi usogee mbele kidogo. Kabla hujakata, jaribu urefu uliopo. Kipande ukishakitoa hakirudi. Umaliziaji ni mafuta ya mbegu za kitani, wala usipake vanishi, kwani vanishi inakwama kwenye jasho la mkono na shoka linachelewa kukuachia. Tambara ulilopakia mafuta hayo lianike likiwa limetandazwa, au litumbukize kwenye maji. Likikunjwa na kutupwa pembeni linajipasha lenyewe na linaweza kuwaka moto bila mtu kuliwashia. Karatasi ya maelekezo haina hata neno moja kuhusu hilo, na kwangu huo ni upungufu mkubwa kuliko mpini uliochanika.

Makali niliyatoa kwa tupa, nikamalizia na jiwe mara chache tu. Maelekezo yanataka shoka liweze kunyoa nywele za mkono. Hapana. Makali membamba kiasi hicho yanajikunja likipiga fundo la mti au shoka jingine. Toa makali mapana, yenye tumbo kidogo, yanayouma mti na kubaki. Kisogo nacho kina pembe kali zinazokwaruza bega unaporudisha mkono nyuma, zile nilizivunja kwa tupa kabla ya kitu kingine chochote. Baada ya hapo shoka lilirushika vizuri sana. Kwa umbali wa mashindano ya WATL, shirikisho la kurusha mashoka lililoanzishwa mwaka 2017, ambao ni futi 12 au mita 3.66 hivi, linafanya mzunguko mmoja kamili na kutua makali yakiwa yametangulia, bila kulazimisha kiganja.

Visu sasa. Boksi linajisifu: "ugumu 58 kwa kipimo cha Rockwell". Kwa kisu cha jikoni ningefurahi. Kisu cha kurusha kinataka kiwe chini zaidi, 45 hadi 50 na kidogo, kwa sababu kazi yake siyo kukata, ni kugonga. Chuma laini kinapinda, unakinyoosha kwenye jiliwa na kurudi mstarini. Kigumu kinavunjika, na kipande kinachoruka hujui kinaelekea wapi. Kisu cha kwanza kiligongana na mwenzake aliyekwishakaa kwenye shabaha, na ncha ikakatika yote. Nilipoiokota na kuitazama pale ilipokatikia, chuma kilikuwa na punje kubwa zinazometa kama sukari. Hiyo ni dalili ya chuma kilichopashwa moto kupita kiasi kabla ya kuzimishwa kwenye mafuta, na kwa chuma cha namna hiyo tupa pekee haisaidii.

Cha pili nilikipasha upya ili kukipunguzia ugumu, kabla hakijakutwa na yaleyale. Tanuri la jikoni mara nyingi linaishia karibu nyuzijoto 250, na hapo hapatoshi. Nilikisugua kwa msasa hadi kikang'aa kabisa, nikakibana, nikapitisha tochi ya gesi polepole kwenye mgongo, kamwe siyo moja kwa moja kwenye ncha. Rangi zinaanza kutambaa: njano ya majani makavu, kahawia, zambarau, kisha bluu, ambayo kwa chuma cha kaboni inafika karibu na nyuzijoto 300. Rangi zinatembea kwa pamoja kama mistari, na ni wewe kuzifukuza hadi kisu kizima kiwe bluu kisha uondoe moto. Nilipitisha hadi bluu ikaanza kufifia kuwa kijivu. Punje kubwa hazikurekebishika kwa njia hiyo, hilo lingehitaji kuanza upya kwenye tanuri la mhunzi, lakini walau ubishi wa kukatika ulipungua. Kisu hicho sasa kimeshapinda mara kadhaa na hakijavunjika.

Ngozi ya kuviringisha mshikio sikuitumia. Kisu cha kurusha kinatakiwa kitoke mkononi bila kushikwa na kitu, na chuma kitupu kilichoondolewa kingo kali kinatoka vizuri zaidi. Pembeni pia usinoe. Utakishika kwenye ubapa siku ukitaka nusu mzunguko, na mkono ni wako.

Ufito, kwa upande mwingine, ndio ulionichekesha kwa furaha. Kwenye orodha umeandikwa kama zawadi ya ziada, wala maelekezo hayasemi ufanye nao nini. Niliukata vipande vya sentimita 15, nikanoa ncha moja kwa kila kimoja, nikapata bo-shuriken, ile misumari ya kurusha ya Kijapani. Ni silaha rahisi kuliko zote kutengeneza na ngumu kuliko zote kurusha, kwa sababu mtindo wake wa msingi hautaki izunguke. Inatoka kwenye vidole ikiwa imesimama na inalala taratibu hadi ncha inafika mbele. Chukua urefu tofautitofauti ujionee mwenyewe.

Kwa wanaosema silaha za kurusha ni mambo ya Wajapani na Wazungu wa msituni, nendeni mkatazame visu vya kurusha vya Afrika ya Kati. Kpinga ya Wazande ina mapanga kadhaa yanayotokeza pande tofauti kwenye shina moja, kwa hiyo hata ikifika ikiwa imekaa vibaya, bado kuna upande unaouma. Majumba ya makumbusho ya British Museum huko London na Pitt Rivers huko Oxford yanavyo vingi. Ukishajaribu kusawazisha uzito wa kisu cha ncha moja tu, ndipo unapowavulia kofia wahunzi waliofua kitu kile kwa nyundo na macho. Seti ingekuja na umbo la namna hiyo badala ya visu viwili vya kung'aa, ningelipa bila kuuliza.

Ubao wa plaiwudi sina mengi ya kuuandikia. Tabaka zake zimepishanishwa nyuzi na kugandishwa kwa gundi, kwa hiyo ncha haipati njia ya kupenya na shoka linarudi kwako. Shabaha nzuri ni kipande cha gogo la mti laini kilichokatwa kama gurudumu, kikisimamishwa ili ukutane na vichwa vya nyuzi. Makali yanapita katikati ya nyuzi, na ukilitoa zinajifunga. Kilowanishe kwa maji kabla ya kuanza, na ung'oe misumari yote. Watu wakae nyuma ya anayerusha, siyo ubavuni, kwa sababu kinachodunda hakichagui pa kwenda. Na mmoja akiwa anachomoa, hakuna anayeshika chochote.

Nyota tatu kati ya tano: mbili na nusu za kichwa, nusu ya ufito. Nimeshamwandikia muuzaji nikitaka vichwa viwili zaidi bila seti. Mpaka sasa amenitumia tangazo la seti kubwa zaidi, yenye visu vinne.