Sintisaiza za analogi Nairobi: kabla ya kuuliza sauti, angalia tundu la umeme

Adapta yenyewe niliinunua Ksh 600. Ilikuwa jioni, Luthuli Avenue, sintisaiza ya mtumba (kinanda kinachounda sauti zake kwa umeme) niliyotoka kuilipia ikiwa kwenye mkoba bila adapta yake, na muuzaji akaniambia, "Siste, hii ni volti 9, inaingia kila kitu." Kuingia, iliingia. Nilipofika nyumbani taa iliwaka mara moja ikazima, chumba kikanuka waya ulioungua. Fundi aliyeifungua alinionyesha kijidude kidogo kando ya tundu, kimepasuka na kuacha doa jeusi kwenye bodi. Kisha akaipima adapta kwa mita: hasi ilikuwa katikati ya plagi. Mashine ilitaka chanya katikati.

Baada ya kuandika kisa hicho, wasomaji waliniletea vyao, na karibu vyote vilianzia kwenye tundu hilo hilo. Kwa hiyo filta (sehemu inayochuja sauti) na uzuri wa sauti naviruka. Sauti utaisikia kwa masikio yako dukani. Umeme hutausikia mpaka ukuunguzie mali.

Adapta nyingi za volti 9 zinazouzwa madukani kwetu kwa wanamuziki ni za pedali za gitaa, na pedali nyingi hutaka hasi katikati. Sintisaiza za kampuni ya Korg nitakazozitaja hapa hutaka chanya katikati. Plagi zinaweza kufanana kabisa kwa macho. Washa tochi ya simu, usome mchoro mdogo ulio karibu na tundu: duara lenye nukta katikati, na alama za kujumlisha na kutoa pembeni. Linganisha na mchoro ulio kwenye adapta. Ukimaliza, soma miliampea, yaani kiasi cha mkondo wa umeme ambacho adapta inaweza kutoa. Adapta ya Korg, KA-350, hutoa 1700. Ile niliyouziwa iliandikwa 500, chini hata ya theluthi ya hizo.

Kwenye analogi jambo hili ni zito kuliko kwenye kinanda cha kawaida, kwa sababu nota yenyewe ni volti. Kipimo kinachotumika sana ni volti moja kwa oktava. Oktava ina nusu toni 12, hivyo nusu toni moja ni kama volti 0.083 tu. Ndani ya mashine mna sehemu za kusawazisha umeme, lakini adapta mbovu huupitisha uchafu wake, na unapata mvumo chini ya besi ambao hakuna mtu wa studio atakayeuondoa bila kuiumiza besi yenyewe.

Sasa, kati ya sintisaiza za analogi ninazozipendekeza, nafasi ya kwanza naipa Korg monologue, na sifichi kwamba naipenda Korg. Hii hutumia adapta au betri sita za AA. Stima ikipotea unaendelea kucheza, na kwa betri hakuna mvumo wa ukutani. Hutoa nota moja kwa wakati mmoja na ina vitufe 25 vyembamba, basi ni ya besi na melodi, si ya kodi (nota kadhaa zikipigwa pamoja). Lakini hukuruhusu kupanga upya nota za skeli. Nimewahi kukaa na mpiga orutu, ile fidla ya Waluo ya uzi mmoja, jioni nzima tukiivuta nota moja baada ya nyingine mpaka ikakubaliana na uzi wake, na sijapata raha kama ile kwenye kinanda kingine chochote.

Unayetaka kodi, chukua minilogue xd. Sauti nne, yaani nota nne kwa wakati mmoja, na adapta ni ile ile KA-350, kwa hiyo ya akiba moja inakutosha kwa zote mbili. Betri haina. Asubuhi za Julai, na baridi yetu hii, iache ipate joto kidogo kabla ya kurekodi, nota zisihamehame.

Ya tatu ni Behringer DeepMind 12. Haina adapta kabisa: waya wake ni kama ule wa kompyuta ya mezani, na ukipotea unapata mwingine duka la jirani. Sauti 12, na osileta zake (sehemu zinazozalisha nota) huongozwa kidijitali kwa hiyo nota hazihamihami. Kwa kanisa lenye kwaya kubwa ningeitanguliza mbele ya minilogue.

Moog Subsequent 37 nayo huchomekwa moja kwa moja ukutani, na besi yake haina mpinzani hapa, lakini kwa bei yake unapata mashine mbili kati ya nilizozitaja hapo juu, na chenji.

Za bei nafuu, Korg volca: betri sita za AA, ni ndogo, sawa kwa kuanzia. Na ndugu akikuletea sintisaiza ya zamani kutoka Marekani, usiichomeke kabla ya kusoma nyuma. Ikiwa imeandikwa 120 pekee, umeme wetu wa 240 utaimaliza siku hiyo hiyo.

Sasa bei. Mapema 2024 dola ilifika karibu Ksh 160, na maduka yakapandisha bei wiki hiyo hiyo. Tukaelewa. Dola ikashuka ikatulia karibu 129, na bei zikabaki juu. Mashine ya dola 600 ilikuwa 96,000 kabla ya ushuru. Kwa 129 ni 77,400. Hizo 18,600 zinakwenda wapi? VAT ya asilimia 16 hutozwa juu ya thamani na ushuru kwa pamoja, kwa hiyo thamani ikishuka, VAT nayo hupungua. Nilimwuliza muuzaji mmoja wa katikati ya jiji, akanijibu, "Madam, hii ni stoki ya zamani." Nikaligeuza boksi. Stika ya mzigo ilikuwa na tarehe ya mwezi uliotangulia. Ukienda, ipige picha stika hiyo kabla hamjaanza kupatana bei.