Global Forest Watch: nimepimisha Kongo na Brazil, muangalie mbele ya kuamini grafiki

Ba ndugu, wiki mbili sasa niko paka kwa Global Forest Watch, ile sayiti ya World Resources Institute yenye inaonyesha pori inaisha wapi na gesi ngapi ya kupasha dunia moto inapanda mu hewa, juu huku Lubumbashi kila siku tunabishana, bengine banasema Brazil ndiyo inaharibu dunia, bengine banasema ni siye na makala yetu (mkaa ya kupikia), nikasema wacha nijionee mwenyewe.

Iko ya bure na iko mu Kifaransa. Kiswahili hakuna, na ile inaniuma sana, juu mama wa kuuza makala pa Katuba angepaswa kuisoma yeye wa kwanza. Unachagula inchi, unaona mwaka kwa mwaka tangu 2001, picha za satelite, kila kipande mita 30 kwa 30. Karte inakula mega, mujue.

Sasa hesabu. 2023 Brazil ilipoteza pori ya asili karibu hekta milioni 1.1, siye karibu 526,000, kama nusu yao. 2024 Brazil ikaruka paka milioni 2.8, siye 590,000. Mtu ataona ile aseme Kongo iko muzuri. Hapana! Brazil ule mwaka ilikuwa ukame na moto, moto ndiyo ilikula sehemu kubwa, na tena inchi yao inapita yetu zaidi ya mara tatu. Kwao miti inaanguka juu ya malisho ya ng'ombe na soya, serikali ikikaza inashuka kweli: Amazonia ya kwao 2004 ilipoteza zaidi ya kilometa za mraba 27,000, 2012 zikabakia karibu 4,600. Kwetu ni mashamba madogo madogo na makala, hakuna tajiri mumoja wa kupiga amande, ni batu banatafuta kula, na tangu 2020 paka 2024 laini yetu ilipanda tu pole pole.

Kwa gesi, kuwa na akili: kuna hesabu ya ile inatoka, kuna ya ile miti inavuta, halafu kuna baki yake. Ukikamata ya kwanza ya Brazil na baki ya Kongo, umejidanganya, juu huku shamba ikipumzishwa kichaka inaota tena na inavuta. Na gesi ya tumbo ya ng'ombe wa Brazil haiko mule, ile inahesabiwa kwa kilimo. Moshi ya mbabula yako, ile gesi yake ya kaboni inahesabiwa kwenye mti ulikatwa, haiko kwa jiko.

Kitu ya mwisho, batu ba Katanga musikie: sayiti inaanza na miti yenye kufunika udongo asilimia 30, lakini miombo yetu haifungane juu sawa pori ya jimbo la Equateur, kwa hiyo kwa grafiki ya miti yenye ilipotea shusha paka 10. Nilishusha kwa Haut-Katanga, sikubakia mtu yule yule.

Mimi naipa nyota nne. Benye kuishi mu mugini, kule rezo hakuna, batafute Forest Watcher, programu yao ya telefone, unashusha karte ukiwa mu mji halafu unaingia nayo mu pori bila intaneti.